SOMO LA ROBO HII: Samaki pundamilia, kinga ya mwili na saratani



Katika ziara zetu za robo iliyopita, swali moja lilijirudia karibu kila parokia tulipoketi na kamati ya afya: "Je, ni kweli kwamba saratani humpata mtu kwa sababu kinga yake imeshuka? Na kama ni hivyo, kwa nini tusinunue dawa za kuongeza kinga tukawagawia wagonjwa wetu?"

Swali hili si la mchezo. Mama mmoja tuliyemtembelea alikuwa na uvimbe kwenye titi. Kwa miezi minane alikunywa unga wa kuongeza kinga alionunua sokoni, na aliuza mbuzi wawili ili aweze kuulipia. Alipofika hospitali, uvimbe ulikuwa umeshapasuka na kuwa kidonda.

Hatukutaka kujibu kwa haraka. Tulisoma na kuwauliza wenye ujuzi, na tukafikishwa mahali ambapo hatukutarajia: kwenye tangi la samaki. Yapo mengi kuhusu kinga na saratani ambayo wataalamu wameyaona kwa macho yao ndani ya samaki mmoja mdogo. Tunaomba somo hili lisomwe pamoja kwenye kikao, sehemu kwa sehemu, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

Samaki huyu ni nani?

Anaitwa samaki pundamilia kwa sababu ya mistari yake ya rangi ya buluu, ingawa mistari hiyo inakwenda kwa urefu wa mwili, kutoka kichwani hadi mkiani. Jina lake la kitaalamu ni Danio rerio. Akikomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, kama kidole kidogo cha mtoto. Kwao ni Asia ya Kusini, katika vijito, madimbwi na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal. Daktari Mskoti Francis Hamilton alimweleza katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu samaki wa mto Ganges.

Kwa miaka mingi watu walimfuga kama pambo la nyumbani. Mtu aliyemwingiza rasmi maabara ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Alizaliwa Budapest, Hungaria, na familia yake ilihamia Marekani wakati Wayahudi wa Ulaya walipokuwa wakiteswa. Alikuwa bingwa wa kuchunguza virusi vinavyoshambulia bakteria, lakini alitaka mnyama mwenye uti wa mgongo kama sisi, aliye rahisi kufuga na kuzalisha. Mwaka 1981 alitangaza njia ya kuzalisha samaki pundamilia wanaofanana kabisa kwa urithi. Alifariki mwaka 1984, kabla hajaona kazi yake ikienea duniani.

Mwaka 1996 makundi mawili, moja la Tübingen, Ujerumani, chini ya Christiane Nüsslein-Volhard, na lingine la Boston, Marekani, chini ya Wolfgang Driever, yalitangaza kwa pamoja matokeo ya kuchunguza maelfu ya samaki wenye kasoro za kurithi. Mwaka 2013 orodha ya vinasaba vyote vya samaki huyu ilichapishwa. Ilionekana kwamba karibu asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake ndani ya samaki huyu. Kwa hiyo tunapomtazama, tunatazama ndugu wa mbali, lakini ndugu.

Kwa nini yeye, na si mnyama mwingine?

Kinga ya mwili hufanya kazi ndani ya nyama na damu, mahali pasipofikiwa na macho. Kwa panya, mara nyingi mtaalamu hulazimika kumpasua mnyama ili aone kilichotokea, na hapo anaona picha moja tu ya tukio lililokwisha kupita. Samaki pundamilia ana faida nne:

1. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia mbili au zaidi kwa mara moja, na mayai yanakua nje ya mwili wake, majini.

2. Anakua haraka. Baada ya siku moja na kitu moyo umeanza kupiga. Siku ya pili au ya tatu anaanguliwa. Siku ya tano anaogelea na kutafuta chakula. Akifikisha miezi mitatu hivi anaweza kuzaa.

3. Kifaranga chake ni kama kioo. Ukimweka chini ya hadubini unaona moyo, mishipa na damu inavyokimbia, naye yu hai. Mwaka 2008 wataalamu wa Boston walipata hata samaki mkubwa asiye na rangi, ambaye viungo vyake vya ndani vinaonekana.

4. Seli zake zinaweza kuwekewa taa. Kuna protini inayong'aa kijani, iliyopatikana kwanza kwa yavuyavu wa baharini. Jeni ya protini hiyo ikiingizwa katika yai, seli unazotaka kuzifuatilia zinang'aa maisha yote ya samaki. Ugunduzi na matumizi ya protini hiyo vilipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Askari wa aina mbili

Kabla ya kuendelea, tukumbushane jinsi kinga ilivyopangwa, maana walimu wa afya katika vikundi vyetu wanaulizwa sana.

Askari wa kwanza ni wa zamu. Hao mtu huzaliwa nao. Wanamkimbilia mvamizi yeyote bila kuuliza jina lake. Miongoni mwao ni neutrofili, ambazo hufika kwanza kwenye kidonda na nyingi hufia hapo zikiwa usaha, na makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa.

Askari wa pili ni wale wanaojifunza. Wanamtambua adui kwa sura yake na kumkumbuka miaka mingi. Chanjo zinafanya kazi kwa kuwafundisha hao.

Samaki pundamilia anazo aina zote mbili, kama sisi. Lakini aina ya pili inakomaa kwake baada ya majuma kadhaa tangu kuanguliwa. Katika siku zake za mwanzo analindwa na askari wa zamu peke yao. Mtaalamu anapata nafasi ya kuwatazama hao wakiwa kazini bila kuchanganywa na wenzao.

Kidonda kidogo mkiani

Mwaka 2006 wataalamu wa Sheffield, Uingereza, walieleza kuhusu samaki ambaye neutrofili zake zinang'aa kijani. Ukikata ncha ndogo ya pezi la mkia wa kifaranga, unaziona zikitoka zilipo na kukimbilia kwenye jeraha. Kazi ikiisha, uvimbe wa jeraha unatulia.

Nani anayewaita? Mwaka 2009 wataalamu wa Boston walitoa jibu lililoshangaza wengi. Dakika chache tu baada ya jeraha, ngozi iliyoumia inatengeneza hidrojeni peroksaidi, ile ile dawa inayotoka povu ambayo wauguzi wetu wameitumia kusafishia vidonda. Inasambaa kuanzia ukingo wa kidonda kama harufu ya chakula kutoka jikoni. Inafika kabla ya askari, na askari wanaifuata.

Askari wanapokutana na saratani

Sasa tunafika kwenye swali letu. Saratani huanza pale seli ya mwili wenyewe inapoharibika katika jeni zake na kuanza kugawanyika bila kusikia amri ya kuacha. Samaki pundamilia hupata saratani kama sisi. Mwaka 2003 wataalamu wa Boston walipata samaki waliougua saratani ya damu baada ya kuwekewa jeni moja inayosukuma seli kugawanyika. Mwaka 2005 walifanya hivyo kwa melanoma, saratani ya ngozi, wakitumia jeni iliyoharibika ambayo hupatikana kwa wagonjwa wengi wa melanoma. Mwaka 2016 waliweza kuiona melanoma ikianza na seli moja tu iliyowaka taa, wakaifuatilia hadi ikawa uvimbe.

Katika hatua ile ya mwanzo kabisa, askari wanafanya nini? Mwaka 2010 kundi la Bristol, Uingereza, na wenzao lilitazama vifaranga vyenye seli chache zilizoanza kuharibika. Waliona neutrofili na makrofaji wakizijia seli hizo, na wito uliowavuta ulikuwa ule ule: hidrojeni peroksaidi, kama kwenye kidonda. Mwili ulikuwa unaisoma saratani changa kama jeraha.

Wengi wetu tungetegemea kwamba askari wakifika, seli mbaya zitakwisha. Kweli baadhi zilimezwa. Lakini wataalamu walipouzuia wito ule ili askari wachache tu wafike, idadi ya seli mbaya ilipungua. Maana yake, askari waliofika walikuwa pia wakizilisha. Kazi ya askari wa kidonda si kuua vijidudu tu; wanaleta pia vichocheo vya kukuza nyama mpya ili jeraha lizibe. Seli ya saratani ikijifanya jeraha, inapewa chakula hicho.

Mwaka 2015 kundi hilo lilirudi na jambo zito zaidi. Samaki waliokuwa katika hatari ya melanoma, wakijeruhiwa mara kwa mara, walipata uvimbe zaidi kuliko wenzao wasiojeruhiwa. Kisha walitazama sampuli za wagonjwa wa melanoma iliyochimbika kuwa kidonda. Wagonjwa ambao uvimbe wao ulijaa neutrofili walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye.

Tunaomba msomaji asichukue haya kinyume. Askari wa mwili wetu si adui. Kuna seli nyingi za saratani zinazouawa kimya kimya tusizozijua, na mtu ambaye kinga yake imebomoka kweli, kama mwenye VVU asiyetumia dawa, hupata baadhi ya saratani kwa wingi zaidi. Somo la samaki ni kwamba kinga haipimwi kwa wingi wa askari. Inapimwa kwa askari gani wamekwenda wapi, wakati gani, na kama wamejua kurudi nyumbani.

Ndivyo ilivyo hata kwa kifua kikuu

Ugonjwa tunaoujua zaidi vijijini unatoa ushahidi wa namna hiyo. Samaki pundamilia hupata ugonjwa unaosababishwa na bakteria ambaye ni ndugu wa karibu wa yule wa kifua kikuu cha binadamu. Lalita Ramakrishnan, mtaalamu mzaliwa wa India, na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba makrofaji ndani ya kifaranga hujikusanya kuwazunguka bakteria na kutengeneza vinundu, kama vinavyotokea kwenye mapafu ya mgonjwa.

Kwa vizazi vingi madaktari walifundishwa kwamba kinundu ni boma la kuwafungia bakteria. Mwaka 2009 kundi hilo lilionyesha, kwa kutazama moja kwa moja, kwamba katika siku za mwanzo bakteria wanalitumia boma kuongezeka. Makrofaji wapya wanaitwa, wanawameza wenzao waliokufa pamoja na bakteria waliomo, na hivyo maambukizi yanahamia kwao. Hapa pia askari wengi zaidi walimsaidia adui.

Kutoka tangini hadi kwa mgonjwa

Wafadhili wetu huuliza, na wana haki ya kuuliza: je, samaki hawa wamemsaidia mgonjwa yeyote? Tunatoa mifano miwili.

Kwanza, mwaka 2007 wataalamu wa Boston walijaribu kemikali nyingi katika maji ya vifaranga, wakitafuta ile inayoongeza seli mama za damu. Waliipata, nayo ni ya jamii ya prostaglandini, ambazo mwili wenyewe huzitengeneza. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kwanza kwa wagonjwa 12 wa saratani za damu, waliopewa damu ya kitovu iliyotiwa dawa hiyo. Lilikuwa jaribio dogo la kupima usalama, lakini ilikuwa safari kamili kutoka kwa samaki hadi kitandani.

Pili, huko Lisbon, Ureno, kundi la Rita Fior huchukua seli za uvimbe wa mgonjwa na kuzipandikiza katika vifaranga vya siku mbili. Vifaranga hawazikatai kwa sababu wale askari wanaojifunza bado hawajakomaa. Kisha dawa mbalimbali hujaribiwa kwa vifaranga, na kwa siku chache tu huonekana ipi inaua seli za mgonjwa huyo. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2017. Mwaka 2024 walieleza kuhusu wagonjwa 55 wa saratani ya utumbo mpana, ambapo jibu la vifaranga lililingana na hali ya mgonjwa kwa karibu mara tisa katika kila kumi. Tusisahau uchungu wa jambo hili: dawa za saratani ni ghali na zinatesa, na mgonjwa anayepewa dawa isiyomfaa hupoteza fedha, nguvu na muda.

Mipaka ya somo hili

Samaki hana mapafu wala matiti. Anaishi katika maji ya nyuzi joto 28 hivi, wakati mwili wetu ni 37. Kinachomponya samaki kinaweza kushindwa kabisa kwa mtu, na ndiyo maana dawa lazima ipite majaribio mengine na hatimaye ipimwe kwa watu wenye kukubali kwa hiari. Aidha, samaki ni kiumbe hai. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 inawalinda samaki wa maabara tangu wanapoanza kujilisha wenyewe, na tunaona ni haki.

Basi tuwajibu nini watu wetu?

Kwanza, hakuna unga wala maji ya sokoni "yanayoongeza kinga" kiasi cha kuponya saratani. Kama askari wangekuwa wema kwa wingi wao tu, vifaranga vya Bristol wangepona. Hata dawa za kisasa za saratani zinazofanya kazi kupitia kinga, ambazo wagunduzi wa njia yake, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018, hutolewa na mabingwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu askari wakiachiwa wanaweza kushambulia ini, utumbo au mapafu ya mgonjwa mwenyewe.

Pili, kinga inayoinuliwa kweli ina njia zake zinazojulikana. Mwenye VVU anywe ARV bila kukatiza. Mtoto apewe chanjo zote, pamoja na ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni chanzo kikubwa cha saratani ya ini. Wasichana wapate chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Mwaka 2024 Tanzania iliipanua kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja.

Tatu, tusiache vidonda vya ndani vikae miaka. Samaki aliyejeruhiwa mara kwa mara anatukumbusha watu wetu wa kandokando ya ziwa wanaoishi na kichocho. Mayai ya kichocho cha mkojo hukaa kwenye kibofu na kukichokoza mwaka hadi mwaka, na mwisho wake unaweza kuwa saratani ya kibofu. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana. Mtoto anayekojoa damu asiambiwe kwamba "amebalehe."

Nne, muda ndio mali. Melanoma ya yule samaki ilianza na seli moja. Uvimbe mdogo kwenye titi leo ni jambo moja. Baada ya miezi minane ni jambo lingine. Mbuzi wawili wa yule mama wangetosha nauli na vipimo vya mwanzo. Tunaziomba kamati zifikirie mfuko mdogo wa nauli, ili anayegundua uvimbe, au damu isiyo ya kawaida, afike hospitali ndani ya majuma mawili. Kwa wafadhili wetu, hili ndilo ombi letu la robo hii: msaada wenu uelekezwe kwanza kwenye nauli na vipimo, badala ya maboksi ya vidonge vya vitamini.

Yule mama anaendelea na matibabu. Aliturudishia swali lake mwenyewe: "Kwa nini hamkuniambia mapema?" Tunaliandika hapa ili kamati zote zilisikie.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika eneo letu, watu hununua dawa gani za "kuongeza kinga"? Hutumia fedha kiasi gani, na huchelewa hospitali kwa muda gani?

2. Tumeona kwamba askari wa mwili wanaweza kulinda na wanaweza pia kulisha saratani. Tutalielezaje jambo hili kwa lugha rahisi katika jumuiya ndogondogo, bila kuwatisha wagonjwa?

3. Ni wasichana wangapi wa umri wa chanjo katika vigango vyetu hawajapata chanjo ya HPV? Nani atafuatilia pamoja na zahanati na walimu?

4. Mgonjwa akigundua uvimbe leo, atamwambia nani kwanza, na nauli yake itatoka wapi?

Tunaomba majibu ya swali la nne yaletwe kwa maandishi katika ofisi yetu kabla ya kikao cha robo ijayo, ili tuyapange pamoja na bajeti.